Dawa inapitia wapi mupaka kufika Baraka

Maneno haya yalisemwa katika mkutano mkuu wa wanachama, Baraka. Msemaji ni kijana wetu, mfanyakazi wa tereni katika shirika moja linalotembelea vituo vya afya. Aliyaandika tena mwenyewe kwa ajili ya gazeti letu, ili wale waliokuwa mashambani siku ile nao wayapate.



Mzee Mwenyekiti aliponiita alisema hivi: "Mwanangu, wewe umesoma, unatumika na mashirika. Kuja utuelezee, juu ya nini kule Uvira dawa iko bei moja, hapa bei ingine, na ku santri wanatuambia kila siku hakuna?" Nikamwambia nitakuja. Lakini najua vizuri juu ya nini nimeitwa leo na si mwezi ujao. Katika sanduku la chama kuna dola 1,850. Kuna pendekezo tufungue farmasi ya chama, tumtume mtu na boti aende kununua dawa ng'ambo ya ziwa ambako ni rahisi, tuuze kwa wanachama kwa bei ya ndugu. Mutapiga kura nyuma yangu. Mimi sina kura hapa, chama ni chenu. Naomba tu kabla ya kunyoosha mikono mujue dawa inapita njia gani, na mahali gani inapotea.

Tuanze mbali. Chukueni kidonge kimoja cha amoksisilini, kile cha rangi mbili, kila mama hapa anakijua. Mara nyingi kimetengenezwa Uhindi. Na unga wenyewe ulio ndani, ule unaoua mikrobu, sehemu kubwa Wahindi wanaununua Uchina. Kiwandani wanafanya vidonge vingi kwa mara moja, na vyote vya mara ile moja vinapewa namba ile ile, namba ya loti. Ile namba imeandikwa kwenye boksi na nyuma ya kikaratasi cha bati, pamoja na tarehe ya kuharibika. Wengi wetu hatuiangalii. Lakini ile namba ndiyo kitambulisho cha dawa. Siku loti ikigundulika ni mbaya, watu wanaitafuta kwa namba ile, kutoka depo mupaka kituo cha mwisho kijijini, na kuiondoa. Dawa isiyo na namba haiwezi kutafutwa na mtu yeyote.

Si kila dawa inatoka mbali namna hiyo. Bukavu kuna Pharmakina, kiwanda kilichojulikana kwa kinini inayotoka katika maganda ya miti ya kinkina iliyopandwa huku kwetu Kivu. Lakini kwa vile tunavyovitumia kila siku, parasetamoli, amoksisilini, dawa za minyoo, sindano, serumu, tunategemea meli.

Meli inashusha mizigo Mombasa au Dar es Salaam. Kutoka pale ni lori kupitia Rwanda au Burundi, au garimoshi mupaka Kigoma halafu ziwa. Ninyi munaijua njia ile kuliko mimi, juu wengine muliipita na virago kichwani mwaka 1996, na mukairudia kwa meli za HCR kuanzia 2005. Dawa nayo ina safari yake na karatasi zake. Serikali ya Kongo inadai kila dawa inayoingia iwe na ruhusa ya kuuzwa nchini, na mwenye kuitoa leo ni ACOREP, mamlaka inayosimamia mambo ya dawa. Mpakani kuna watu wa OCC wanaokagua bidhaa, kuna DGDA ya ushuru, kuna komisionere anayekimbiza karatasi kutoka ofisi hadi ofisi. Kila siku gari linalala mpakani ni feza, na zile feza hazimwangukii dereva. Zinaingia katika bei ya kidonge.

Ikishaingia, dawa ya njia halali inatakiwa kwenda katika depo kubwa ya jimbo. Kwa Kifaransa tunaita CDR, na zote zimeungana katika FEDECAME, ambayo kazi yake ni kununua pamoja ili bei ishuke. Goma kuna ASRAMES, watu wa kaskazini wanaijua. Bukavu kuna ile ya 8e CEPAC. Hizi depo hazikufanywa kwa kutafuta faida. Zinaweka bei juu kidogo ili zilipe walinzi, umeme, gari na watumishi, basi. Wanaangalia kiwanda kilichotengeneza, wanaangalia loti, wanatunza dawa katika nyumba isiyo na joto kali. Anayenunua pale ni zoni za afya, hospitali, vituo na mashirika. Na kutoka depo, dawa inakuja kwa zoni ya afya, kutoka zoni inakwenda ku santri, na pale munganga anakuandikia karatasi unapewa dirishani.

Kuna dawa zingine zenye njia ya pembeni. Dawa za UKIMWI, za kifua kikuu, na dawa za malaria za kituo, nyingi zinanunuliwa na Mfuko wa Dunia na zinapewa bure. Chanjo zina njia yao, na mafrigo yao. Kwa hiyo mama anapoambiwa dawa ya malaria ni bure lakini ya kikohozi alipe, asidhani munganga anamdanganya. Ni mifuko miwili tofauti. Lakini akiambiwa alipe ile ya bure, hapo aje atuambie.

Sasa, mpaka hapa karatasi ni nzuri. Kwenye karatasi hakuna mtu anakufa. Juu ya nini basi tunafika ku santri tunakuta kabati tupu?

Watu wanasema barabara. Ni kweli, kutoka Uvira mupaka hapa wakati wa mvua tunaijua wenyewe, Makobola, Mboko, kila mto una siku zake. Watu wanasema usalama, ni kweli vilevile. Lakini mimi nimezunguka vituo vingi, nimefungua makabati mengi, na nawaambia kuna sababu mbili ambazo hazisemwi mara nyingi. Ya kwanza ni hesabu. Ya pili ni sisi.

Hesabu ni hii. Kila dawa ina fishi yake ya stoki, karatasi ngumu inayoandikwa iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Munganga akitaka kuagiza anaangalia miezi iliyopita alitumia ngapi kwa mwezi, anaagiza kufuatana na ile. Tuseme mwezi wa kwanza alitumia vidonge 1,200, mwezi wa pili 1,200, mwezi wa tatu dawa ilikuwa imekwisha, akaandika sifuri. Anajumlisha 2,400, anagawa kwa tatu, anapata 800. Anaagiza ya miezi mitatu: 2,400. Kumbe watu wake wanameza 1,200 kila mwezi. Ile dawa itakwisha kwa miezi miwili, mwezi wa tatu ataandika tena sifuri, na kadiri anavyoagiza kwa sifuri ndivyo hapati za kutosha. Nimekuta kituo kilichokaa zaidi ya mwaka katika mtego huo, na titilere wake ni mtu mwaminifu ambaye hajaiba hata aspirini moja. Mwezi ambao dawa haikuwako hautakiwi kuhesabiwa. Ni jambo la dakika tano kumwonyesha mtu, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha.

Sababu ya pili itauma kidogo, mtanisamehe. Katika nchi yetu kituo cha afya kinaishi kwa feza za wagonjwa. Dawa ikiuzwa, zile feza ndizo zinanunua dawa nyingine. Wanaita kapitali ya dawa. Wakubwa wa afya wa Afrika walikubaliana hivyo Bamako mwaka 1987, kwamba wananchi wachangie na wasimamie wenyewe. Sitaki kujadili leo kama ilikuwa vizuri ao vibaya, nina mawazo yangu. Lakini ndivyo ilivyo. Sasa mgonjwa anakuja usiku na mtoto anatetemeka, hana franka. Munganga anamtibu, anaandika deni. Kesho mwingine. Mimi niliomba ruhusa, nikaangalia daftari la madeni la kituo kilicho karibu nasi hapa. Kurasa kumi na moja. Sitasoma jina la mtu. Lakini nilipoonyesha orodha kwa katibu wetu, alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema, "Hawa zaidi ya nusu ni watu wetu."

Ni watu wetu. Kambini tulizoea. Lugufu na Nyarugusu ulikuwa unakwenda kwa Msalaba Mwekundu wa Tanzania, unapanga mstari, unaweza kukaa nusu siku juani, lakini ukifika dirishani unapewa na hulipi. Tukasahau kwamba kuna mtu mahali fulani alikuwa amelipa. Lugufu ilifungwa 2009, tukarudi, tukakuta nyumba zimeanguka, mashamba yamechukuliwa, na santri inataka feza. Tulifanya madeni si kwa ubaya. Lakini yale madeni yalikula kapitali, na kapitali ikiisha, munganga hawezi kuagiza Bukavu hata kama depo imejaa. Depo haitoi kwa mkopo.

Hapo ndipo inaingia njia fupi.

Njia fupi wote tunaijua. Mfanyabiashara anakwenda Bujumbura ao Kigoma ao Uvira, ananunua maboksi kwa mwenzake, hakuna faktiri, anapakia chini ya hema pamoja na saruji na bidoni za mafuta, anavuka usiku. Jua la mchana linampata kabla hajafika. Dawa inaingia katika butiki, inatoka kwenye boksi, inawekwa kwenye chupa ya plastiki ao inakatwa kwa mukasi, vidonge vinne vinne, juu mteja ana franka za vinne. Na mukasi unapokata, mara nyingi tarehe ya kuharibika inabaki kwenye kipande kingine. Wewe umeshika vidonge visivyo na jina, visivyo na loti, visivyo na tarehe. Unauliza, "Hii ni ya nini?" Anakujibu, "Ni ya mwili mzima."

Simtukani mtu. Wengine kati ya wauzaji hawa ni wanachama, na mimi mwenyewe nimekunywa dawa zao nikiwa sina njia nyingine. Pia si kila dawa ya njia fupi ni mbaya, nyingine imetoka kiwanda kile kile. Ubaya wake ni kwamba huwezi kujua. OMS ilitangaza mwaka 2017 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi iliyopimwa ni ya bandia ao haifikii kiwango. Na si mbali na sisi. Mwishoni mwa 2014 na mwaka 2015, kule Ituri, watu walianza kuja hospitalini shingo zimepinda, nyuso zimekazana, ulimi umetoka nje. Wakadhani ni homa ya uti wa mgongo. Walikuwa zaidi ya mia tisa, na wengi ni watoto. Walipopima, wakakuta wagonjwa wale wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepamu, kumbe ndani kulikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, na nyingi kwa kipimo. Wale bamama walikuwa wamenunua dawa ya mtoto kama tunavyonunua sisi.

Walioishi Tanzania wataniuliza: mbona kule kuna maduka ya dawa vijijini na watu hawafi? Kweli. Lakini yale Maduka ya Dawa Muhimu yalianza Ruvuma mwaka 2003 kwa masharti: muuzaji asome kwanza, duka likaguliwe, na kuwe na orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza, asipite hapo. Si kufungua mlango tu na kuweka meza.

Sasa nitawaambia jambo langu mwenyewe, juu nisingependa mufikiri njia ndefu ni ya malaika.

Miaka michache iliyopita shirika nililokuwa nalo lilinipa katoni 14 nizipeleke kituo kimoja cha upande wa Ubwari. Katoni kumi na tatu zilikuwa za kawaida. Ya kumi na nne ilikuwa kisanduku cha baridi chenye ositosini, ile sindano wanayompiga mama akishazaa ili damu isimwagike. Ositosini inataka baridi, nyuzi 2 mupaka 8, kama chanjo. Mwaka 2019 OMS, UNICEF na UNFPA walitoa tangazo la pamoja kuwakumbusha watu jambo hilo hilo, juu dunia nzima ilikuwa inaiacha juu ya meza. Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nimefundishwa, nilikuwa na cheti.

Barabara ilikuwa imekatika. Tukangoja boti siku ya kwanza, injini ikakataa. Siku ya pili mchana barafu ilikuwa maji. Nilifungua kisanduku, nikaweka mkono, vile vichupa vilikuwa vya moto wa mkono wangu. Ningeweza kurudisha. Kurudisha maana yake ni kuandika ripoti, kueleza, kuonekana mtu asiyejua kazi, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Tukafika. Titilere alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole. Aliangalia kisanduku, akaniuliza, "Barafu iko wapi, mwanangu?" Nikamwambia, "Mama, imeyeyuka sasa hivi tu." Akanitazama. Halafu akatia sahihi, juu alikuwa hana hata kichupa kimoja na alikuwa na bamama watatu wanaongoja kuzaa. Na mimi nikatia sahihi: imefika katika hali nzuri.

Baada ya wiki mbili mama mmoja alizaa pale, damu haikusimama. Walimpiga sindano ya kwanza, ya pili. Wakampakia kwenye boti usiku, wakamleta hospitali. Kaka yake akatoa damu. Mama aliishi, na mtoto yuko, leo anakimbia. Hakuna mtu anaweza kusema kwa hakika ilikuwa kile kichupa. Damu ya uzazi ina sababu nyingi. Hakuna aliyeniuliza, ripoti yangu ilikuwa safi, mkataba ukaongezwa. Lakini sahihi ni yangu, ninaijua. Yule mama titilere nilimwambia ukweli mwaka uliofuata. Akasema alijua tangu siku ile, na yeye pia alitia sahihi.

Nimelisema mbele yenu kwa sababu moja. Njia ndefu ina karatasi, na karatasi inasaidia pale tu mtu anapoandika kilicho kweli. Ile siku nilihitaji mtu mmoja wa kijiji kusimama pale pembeni na kusema, "Fungua tuone." Hakukuwa na mtu. Mzigo ulipokelewa na watu wawili waliokuwa na haja ya kuupokea.

Neno kwa wafadhili wetu na kwa ndugu zetu waliopelekwa Marekani, Kanada na kwingine kutoka Nyarugusu. Tunajua mapendo yenu. Mwezi uliopita lilifika boksi ndani ya mzigo wa nguo. Kulikuwa na dawa za presha za mtu aliyebadilishiwa dawa, chupa nusu, zenye jina lake. Kulikuwa na vidonge vya rangi ya machungwa ambavyo mimi na daktari mmoja tulivitafuta katika simu hadi tukachoka. Kulikuwa na syrop ya mtoto inayoharibika baada ya miezi miwili. Tangu 1996 kuna mwongozo wa OMS na wenzake juu ya zawadi za dawa: isitumwe dawa ambayo nchi inayopokea haikuiomba wala haina katika orodha yake, isitumwe iliyokwisha kupewa mgonjwa ikarudishwa, na inapofika iwe bado na mwaka mmoja ao zaidi kabla ya kuharibika. Lile boksi lilivunja yote matatu. Tulilipia ushuru wake, halafu tukaenda kumwomba daktari mkuu wa zoni atusaidie kuziharibu kwa namna isiyodhuru watu wala ziwa. Ndugu, tumeni feza. Hata kidogo. Dola kumi zikipitia depo ya Bukavu zinanunua kitu ambacho munganga wetu anajua kukitumia, na risiti tutawatumia picha yake.

Nirudi kwa zile 1,850.

Mimi naona tusifungue farmasi. Si kwamba hatuna akili ya biashara, wako bamama hapa wanaoweza kunifundisha. Lakini farmasi inataka mtu aliyesomea, inataka ruhusa, inataka nyumba isiyo na joto, na zaidi ya yote inataka kukataa. Ndugu yako atakuja na kusema nipe vidonge vinne vya amoksisilini, karatasi ya munganga sina. Utamkatalia mwanachama mwenzako, mlilala naye hema moja Lugufu? Hutaweza. Mimi mwenyewe nisingeweza. Na ile dawa ya nusunusu inafundisha mikrobu kuzoea, halafu siku mtoto anaihitaji kweli haifanyi kazi.

Naona hivi. Dola 1,200 ziwe malipo ya dawa, lakini zisipite mkononi mwa mtu. Zoni ya afya itie sahihi kwenye oda ya kituo, depo ya Bukavu itoe faktiri yenye namba za loti, na chama kilipe depo moja kwa moja. Dola 250 ni usafiri, na hapo naomba tusibane, juu katika usafiri ndipo mimi nilikosea. Dola 400 zibaki katika sanduku kwa ajili ya mgonjwa wa kupelekwa hospitali usiku. Kwa upande wake kituo kitufungulie ukurasa wa chama: mwanachama akitibiwa, chama kinalipa kila mwisho wa miezi mitatu, halafu tunadaiana sisi kwa sisi, nyumbani, kama ndugu. Madeni ya zamani, zile kurasa kumi na moja, tuyalipe polepole. Kuna waliokufa ndani yake. Hayo tuyaombee msamaha kwa uwazi, si kwa kunyamaza.

Baba mmoja hapa mbele tayari anatikisa kichwa. Naelewa, papa. Unasema: tumpe munganga feza zetu azile? Swali zuri. Ndiyo maana naomba watu wawili wa chama waingie pamoja na CODESA, ile komite ya wananchi ya eneo la afya, siku dawa inapofika. Wafungue kila katoni. Wasome tarehe. Wahesabu. Wakikuta sanduku la baridi lina maji, waandike maji. Na mara moja kwa mwezi washike fishi tano za stoki, si lazima zote, walinganishe na zilizo kwenye kabati. Kuhesabu vidonge hakuhitaji diplome, bamama wa soko wanahesabu dagaa haraka kuliko mimi.

Kuna udhaifu, siufichi. Wakati mwingine depo ya Bukavu nayo inakosa, ao barabara inafungwa kwa vita, na tutakaa wiki sita tukingoja wakati butiki ya jirani imejaa. Hapo watu watakuja kwa komite na hasira, na watakuwa na haki ya hasira. Ikitokea hivyo, tumwombe mtu wa dawa wa zoni atuonyeshe depo nyingine yenye ruhusa, Uvira ao kwingine, tununue kwa karatasi yake, hata kama bei iko juu. Itatuuma mfukoni. Tutanunua kidogo zaidi.

Jambo la mwisho ni la ufunguo. Kabati la kituo lina kufuli moja leo. Titilere amekubali ziwekwe mbili, nimemwuliza kabla sijaja. Ufunguo mmoja ubaki kwake. Wa pili nafikiri apewe mama, si kijana, juu vijana tunasafiri, na awe anakaa karibu, anayeweza kuamshwa saa nane za usiku bila kugomba. Nina jina katika kichwa lakini sitalisema, komite ndiyo itachagua.

Daktari mkuu wa zoni yuko tayari kutupokea siku ya Alhamisi asubuhi kama kura itapita. Oda ya miezi mitatu ijayo inafungwa Jumamosi. Karatasi ninayo hapa, nimerekebisha ile hesabu ya sifuri pamoja na titilere. Anayetaka kuiona aje mbele.

Nasikiliza maswali.